Ua la Mwanashehe na Zulia Jipya

Mafuta ya jani hayafiki mzizini. Mnaniuliza nimeitoa wapi methali hii niliyomtupia mjomba wenu asubuhi, alipomvisha bibi yenu kanga mpya, akampiga picha, akaondoka bila hata kuuliza kama amekunywa dawa. Haya, kaeni niwaambie ilivyoanza, na mnivumilie na hasira zangu.

Huyo huyo bibi yenu, dada yangu Mwanashehe, alipoolewa alikwenda kwa mumewe na kopo la ua. Majani yake mapana, mekundu katikati, manjano pembeni. Tawi lake lilikatwa barazani kwa mama yetu wiki aliyofariki, na Mwanashehe hakuwa na kumbukumbu nyingine.

Mama mkwe wake, Bi Riziki, alilipenda ua lile kwa sababu lilimletea sifa. Alilitoa dirishani akaliweka katikati ya sebule, juu ya zulia jipya, wageni walione. Kisha akapiga marufuku kulimwagilia, eti maji yatachafua zulia. Dada akaomba aweke sahani chini ya kopo. Akaambiwa sahani inaharibu sura. Akaomba awe analitoa uani kulinywesha, akaambiwa mke wa watu habebi udongo sebuleni. Majani yalipofifia, mnajua mama huyo alifanya nini? Alichukua mafuta ya nazi, yale ya nywele, akapaka jani baada ya jani mpaka yakang'aa. Wageni wakasema mashallah. Jamani, mpaka leo nikikumbuka naungua.

Haukupita mwezi, majani yakaanza kudondoka. Bi Riziki aliwaita mashangazi wa mume, nami nikaitwa kwa niaba ya kwetu. Akatangaza kwamba Mwanashehe ana nuksi, kila anachogusa kinakufa, na akibaki nyumba ile haitapata mtoto. Wakataka nimrudishe kwetu siku hiyo hiyo. Shemeji yangu akabaki anatazama vidole vyake.

Dada hakulia. Alipiga magoti, akashika shina, akaling'oa ua zima mbele yao. Udongo ukamwagika juu ya zulia, mkavu kama unga.

"Mama, tazama mwenyewe," alisema. "Nilikuomba maji, ukaleta mafuta. Mafuta ya jani hayafiki mzizini."

"Zulia langu," alisema Bi Riziki.

Hilo tu ndilo aliloliona! Shangazi mkubwa akaokota jani, akalinusa, akasema nuksi ya nyumba ile inanukia nazi, na Mwanashehe haendi popote.

Ua lile lilikufa, msidanganyike. Kilipona kitawi kimoja tulichokitia majini, na ndicho kilichozaa hilo lililo dirishani, na sahani yake chini. Na mtoto aliyesemwa hatapatikana alipatikana. Ndiye mjomba wenu, mwenye kupiga picha.

Sasa mmoja wenu aende akamuulize bibi yenu kama amekunywa dawa, na ampelekee maji. Kanga tumeiona sote. Mafuta ya jani hayafiki mzizini.