Masweta Hamsini na Tisa

Hapo zamani, si ile ya sungura na fisi kusemezana, ila zamani ya juzijuzi, watu wakiwa tayari na redio na vyeti, palikuwa na chuo cha ualimu kwenye milima ya baridi iitwayo Kinyambiro. Somo la utafiti lilifundishwa na Madamu Ngailo, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Kitu alichokichukia kuliko baridi ni mtu kujifanya anajua.

Siku moja zilifika barua mbili. Ya kwanza ilitoka kwa Afisa Elimu: Shule ya Bondeni imeshika mkia miaka minne mfululizo, watoto wake wana vichwa vizito, mwisho wa mwezi ifungwe na watoto wahamie ng'ambo ya mlima. Ng'ambo ya mlima ni mwendo wa saa tatu kwa miguu ya mtoto. Kama chuo kina la kusema, kiseme mapema.

Barua ya pili ilitoka chuo kikuu: tunayo nafasi ya kumsomesha mwanachuo wenu utafiti wa elimu. Leteni jina. Jina moja. Madamu Ngailo alikuwa ameisubiri barua hiyo kwa miaka tisa.

Akawaita wanachuo wake watatu. Wa kwanza Wendelin, aliyehesabu kila kitu, hata ngazi za bweni. Wa pili Osmunda, aliyeweza kukaa kimya mpaka watu wakasahau kwamba yupo. Wa tatu Somoe, binti wa Kilwa, aliyekuwa anatetemeka tangu Januari na kuongea tangu azaliwe.

"Nendeni Bondeni," akasema, "mniambie kwa nini watoto wale hawafaulu. Atakayeniridhisha kwa kazi ya kweli, jina lake ndilo nitakaloandika."

Wakaenda. Wakabeba dodoso la maswali arobaini, wakapita nyumba kwa nyumba, wakarudi wakitabasamu. Walimu wanafundisha? Ndiyo. Watoto wanahudhuria? Ndiyo. Kuna vihatarishi vya kielimu? Hapana, karibuni chai.

Madamu akasoma kurasa mbili, akafunika.

"Hizi ni adabu za wenyeji, si majibu. Mmekwenda na viatu vya chuo na karatasi mkononi, mnategemea nini? Mgeni haambiwi kwamba nyumba inavuja. Na hili neno vihatarishi nani kalileta?"

Wendelin akaitazama dari.

"Rudini. Safari hii kila mtu na njia yake."

Wendelin akarudi, akahesabu. Rejista ya shule ilisema watoto themanini na wanane, na wote wamewekewa alama ya kuwepo, kila siku, mwezi mzima, utadhani Bondeni mafua hayafiki. Akaiacha rejista. Akaenda jikoni, akasimama karibu na sufuria la uji, akahesabu vikombe. Hamsini na tisa. Kesho yake hamsini na tisa. Wiki mbili, hamsini na tisa, siku ya mafua kilipungua kimoja, lakini kuzidi hakikuzidi hata mara moja. Akaandika kwenye daftari lake: "Watoro ishirini na tisa."

Osmunda akarudi, akakaa. Alikaa dawati la nyuma darasa la tatu, siku tisa, bila kuuliza swali hata moja. Dawati la pili kulikuwa na sweta la kijani lenye kiraka cha kitenge cha njano kwenye kiwiko. Jumatatu mtoto aliyelivaa aliandika kwa mkono wa kushoto. Jumanne akaandika kwa wa kulia. Osmunda akaandika: "Mtoto mwenye kipaji, anatumia mikono yote miwili." Siku ya nne mtoto akacheka, na Osmunda akaona pengo la jino ambalo jana halikuwepo. Ndipo akafuta sentensi yake, akaanza kuyatazama masweta yote. Sweta ni lile lile. Mtoto ndani yake si yule yule.

Somoe akarudi, akamenya viazi. Dodoso alilitia mfukoni, akabisha hodi kwa Mama Tulizo, akasema ukweli wake wote: "Mama, nakufa kwa baridi. Nisogeze motoni." Akapewa kigoda na kisu. Siku ya kwanza wakaongea habari za Kilwa. Siku ya pili habari za waume. Siku ya tatu Mama Tulizo akasema, macho yakiwa kwenye kiazi:

"Mwanangu, sheria ya shule ni kwamba bila sweta la kijani huvuki geti. Mimi nina mabinti wawili na sweta moja. Tulizo leo, mdogo wake kesho. Wala si mimi peke yangu, nitakupeleka kwa wenzangu. Lakini usinitaje. Watasema nimeshindwa kuwavika wanangu."

"Sikutaji, mama."

"Na uelewe, hapa sweta halivuliwi hivi hivi. Aliyetoka shule akilivua jioni, anamfundisha mwenzake alichosoma. Asipofundisha, halipokelewi."

Somoe aliyekuwa anaongea tangu azaliwe akaendelea kumenya kiazi kilichokwisha kumenywa.

Waliporudi chuoni, Madamu akasikiliza mmoja baada ya mwingine. Kisha akamgeukia Somoe: "Nipe majina ya wale mama, nihakiki."

"Samahani Madamu, niliahidi."

"Hata mimi?"

"Hata wewe, Madamu."

Madamu Ngailo alikasirika kwa muda wa kikombe kimoja cha chai. Kisha akafurahi, ila hakumwonyesha.

Siku ya Afisa kukisikiliza chuo ikafika. Walikaa katika ofisi ya shule, Mwalimu Mkuu Tweve akiwa pembeni, mikono mapajani. Somoe akaeleza habari ya sweta la zamu. Afisa akacheka.

"Masimulizi ya jikoni haya. Niletee majina au nifunge faili."

"Mheshimiwa, majina sitoi. Nifelishe ukitaka."

Faili likaanza kufungwa. Hapo Osmunda, ambaye hakuna aliyekumbuka kwamba yupo, akafungua daftari lake: sweta lenye kiraka, sweta lisilo na kifungo, sweta lililofumuka shingoni, siku kwa siku, mkono kwa mkono, pengo kwa pengo, wala jina la mtoto halimo.

"Darasa moja tu hilo," akasema Afisa. "Vipi kuhusu shule nzima?"

Wendelin akasimama, masikio yamemwiva. "Mheshimiwa, mimi niliandika kwamba ni watoro. Nilikosea. Vikombe hamsini na tisa ni masweta hamsini na tisa. Thelathini yana mtoto mmoja mmoja. Ishirini na tisa yana wawili wawili, ndio hamsini na wanane. Jumlisha."

Afisa akajumlisha kwa kalamu, kisha kwa vidole. Themanini na wanane, sawasawa na rejista.

Mwalimu Tweve akaongea kwa sauti ndogo. "Sheria ya sweta niliitunga mimi, ili wageni wausifu usafi wetu. Nilijua kuna watoto wanakosekana. Walimu walidhani ni zamu za kuchunga. Nikajaza rejista, kwa kuogopa kuuliza."

Shule haikufungwa. Sheria ya sweta ilifutwa siku hiyo hiyo, na Jumatatu iliyofuata Bondeni walikosa vikombe vya uji. Watoto ishirini na tisa walisubiri wenzao wamalize kunywa, wamevaa khanga, makoti ya baba zao, na mmoja gunia safi lililotobolewa mikono.

Ikabaki barua ya pili.

"Mimi," akasema Wendelin, "bila hesabu yangu lile lingekuwa sweta la nyumba moja. Afisa alimsikiliza nani mwishoni? Hesabu."

"Hesabu yako iliwaita watoro," akasema Osmunda. "Vikombe ulivitazama, wanywaji hukuwatazama. Ni mimi niliyewaona."

"Uliona mtoto wa mikono miwili, shoga yangu," akasema Somoe. "Mlihesabu, mkaona, lakini sababu hamkuijua. Niliambiwa mimi, na nilichoambiwa nilikilinda mbele ya mkubwa."

"Ulikilinda kwa daftari langu."

"Na kwa jumla yangu!"

Wakacheka wote watatu, kisha wakamtazama Madamu, kwa kuwa kila mmoja aliitaka nafasi ile na kila mmoja alijua mwenzake amesema kweli.

Madamu Ngailo akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Alikuwa amewafundisha utafiti vijana mia nne, na hakuwahi kupata watatu wa namna hii kwa mwaka mmoja. Akachukua kalamu. Akawaza mabinti wa Mama Tulizo na sweta lao. Lakini chuo kikuu hakisomwi kwa zamu, Jumatatu huyu, Jumanne yule. Sweta ni moja, na safari hii atakayelivaa ataondoka nalo.

Kuna aliyejua ni wangapi. Kuna aliyeona ni akina nani. Kuna aliyeambiwa kwa nini, akanyamaza palipostahili. Kalamu iko juu ya karatasi, ninyi mnaosikiliza, na wino unakauka.

Je, nani alistahili kuvikwa?