Kiboko na Neno Lililokwama

Paukwa!
Pakawa.
Pakawa nini?
Pakawa kisima kirefu, pampu moja na foleni isiyoisha. Wenye kiu wasogee karibu.

Hapo kale, kiangazi kilipokuwa kikali, wanyama walibaki na kisima kimoja tu, juu mlimani. Kisima kilikuwa na pampu, na pampu ilisikiliza kompyuta peke yake. Kompyuta ikiandikiwa "fungua", bomba linafunguka. Ikiandikiwa "jaza", ndoo inajaa, chururu. Ikiandikiwa "funga", kimya.

Mwenye nguvu pale alikuwa Kiboko. Vidole vyake vinene vilibonyeza herufi tano kwa mpigo, kwa hiyo akamweka Kuchakuro kwenye mashine, yule mdogo wa mitini mwenye vidole kama njiti.

"Ikifika saa sita mchana," alisema Kiboko, "maji yanayobaki yanaingia bwawani kwangu."

Ndoo zilikuwa mia mbili. Kuchakuro akaandika: fungua, jaza, funga. Fungua, jaza, funga. Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Saa sita ikafika, ndoo tisini hazijaguswa. Mama yake alikuwa wa mwisho kwenye foleni. Akajitwika ndoo tupu, akateremka nayo bila kusema neno. Kuchakuro akaona afadhali angemgombeza.

Jioni akamwendea Bibi Mchwa, fundi wa vichuguu.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Vidole vimefanya nini?"

Kuchakuro akaeleza. Bibi Mchwa akacheka taratibu. "Sasa mbona unaiambia mara mia mbili? Iambie mara moja, kisha iambie irudie. Yenyewe haichoki."

Kesho yake Kuchakuro akaandika mara moja tu: kwa kila ndoo iliyo kwenye foleni, fungua, jaza, funga. Gu-gu-gu, chururu, kimya. Gu-gu-gu, chururu, kimya. Haijafika saa nne, ndoo zote zimejaa, na ya mama yake pia. Foleni nzima ikamshukuru.

"Mshukuruni Bibi Mchwa," alisema. "Mimi nilikwenda kwake na vidole vibovu tu."

Kiboko akanuna. "Na mimi niandikie yangu. Ijaze bwawa mpaka niseme imetosha."

"Mzee, ikishaanza haimsikilizi mwingine. Itasimama kwa neno lako tu."

"Ndivyo ninavyotaka."

Kuchakuro akaandika: maadamu Kiboko hajasema imetosha, jaza.

Gu-gu-gu. Bwawa likajaa. Kiboko kimya. Maji yakafika ukingoni. Kiboko kimya. Maji yakavuka, bwaaa, yakateremka hadi mabondeni, yakajaza ndoo, mitungi, masufuria, hata kofia ya Nyani.

Wanyama wakapanda mlima wakiimba. Mama Kuchakuro akatangulia na kikapu cha majani mabichi.

"Ahsante, Mzee Kiboko. Kumbe una moyo namna hii, na sisi tulikusema vibaya."

Kiboko akataka kulisema lile neno. Akafungua kinywa. Akapanua. Akapanua zaidi. Lakini akafikiria maji yatakavyokoma, akakifunga tena. Hadi leo, mkimwona bwawani amepanua kinywa, mjue bado anajaribu.

Fundisho ni hili, wanangu: kuweni na tamaa, tena tamaa kubwa, ili majirani zenu wapate maji.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, nirudishieni mwenyewe.