Ngoma ya Vita Imekwenda Isomelo

Mtani hatumwi vita. Mmeisikia methali hii leo, mkacheka, na sasa mnauliza imetoka wapi. Haya, imetoka kwenye ugomvi, na sisi tunaingia wakati sauti zimeshapanda.

"Utakwenda," alifoka Mtemi Masanilo wa Bulyanga, "na utakwenda leo."

"Sijakataa, Mtemi," alisema Shigela, balozi wake. "Nasema tu hawatanisikia."

"Balozi asiyesikiwa ni balozi gani?" akadakia Jemadari Lugendo. Huyu tangu asubuhi alikuwa ameshavaa manyoya ya vita kichwani, na kwa kuwa baraza lilikaa ndani ya nyumba, kila akigeuka manyoya yanafagia paa.

Shigela alikuwa anamfikiria mwanawe Maganga. Lugendo alishampanga kikosi cha mbele, na Maganga ni kijana ambaye hata mbuzi akimkazia macho anampisha njia. Vita ikiwaka, huyo harudi.

Chanzo kilikuwa ngoma. Bulyanga na Isomelo walikuwa watani tangu enzi za mababu, na utani mnaujua: mtani akikutukana unacheka, akibeba jogoo wako unamshikia mlango. Ukikasirika umeshindwa. Hata msibani mtani haachi. Sasa mama yake Mtemi alipofariki, watani wa Isomelo wakaja kuzika kama desturi. Wakajilaza kaburini, wakagoma kutoka mpaka wapewe kitu, na wakati wa kuondoka wakabeba ngoma kuu ya vita, eti panya wanazalia ndani yake. Watu wote walicheka. Mtemi hakucheka, na hakulia pia. Aliingia ndani, na alipotoka alikuwa anataka vita.

"Jua likizama hujarudi na ngoma pamoja na msamaha," alisema sasa, "vikosi vinavuka mto."

"Vitaitwa na nini, Mtemi? Ngoma si iko kwao?" aliuliza Shigela.

Baraza likakohoa. Lugendo akasema atapiga mluzi.

Basi Shigela akaenda, njia nzima anafanya mazoezi ya kukunja uso. Kwa Mtemi Ngassa wa Isomelo akakuta watu wanakunywa pombe ya mtama, na ile ngoma ya vita wameigeuza meza, imejaa vibuyu juu. Akasimama wima, akatoa onyo la mwisho neno kwa neno.

"Mtemi Masanilo anasema rudisheni ngoma na mwombe msamaha. La sivyo, jua likizama, atachoma vijiji vyenu na kuwachukua mateka."

Ngassa akaangua kicheko mpaka pombe ikamtokea puani.

"Shigela, mtani wangu, safari hii mmejitahidi. Atuchukue mateka atulishe nini? Nyie siku mkila mara mbili mnaita sikukuu."

"Sitanii."

"Ndiyo maana inachekesha," alisema mke wa Ngassa. "Uso kaukunja kama aliyebanwa na tumbo. Mpeni kigoda."

Shigela akaapa kwa jina la baba yake. Wakasema baba yake naye alikuwa muongo mzuri. Akavunja mshale mbele yao, alama ya kutangaza vita, wakampigia makofi, wakamwomba avunje mwingine maana kuna watoto hawakuona. Mwisho akakaa chini akalia, machozi ya kweli, akasema mwanawe amepangwa kikosi cha mbele.

Hapo ndipo walipoviringika kwa kicheko, maana Maganga walimjua.

"Maganga awe mbele?" Ngassa aliuliza akishika mbavu. "Labda mbele ya wanaokimbia."

Shigela akanyanyuka. "Nipe basi jibu niondoke. Jua linashuka."

"Mwambie Masanilo kelele hizi ni zilezile mama yake alizokuwa anamchapia mwiko."

Aliporudi Bulyanga, akamkuta Lugendo amesimama mlangoni anajilamba midomo tayari kwa mluzi. Mtemi hakumkaribisha hata kukaa.

"Ngoma iko wapi?"

"Wanaiwekea pombe juu, Mtemi."

"Na msamaha?"

"Wamecheka."

"Uliwaambia ni vita?"

"Nimevunja mshale. Wameomba nirudie."

Lugendo akatia vidole viwili mdomoni. Mtemi akamzuia kwa mkono. "Ngassa mwenyewe kasemaje?"

Akilini Shigela alimwona Maganga huko mbele, peke yake, na mkuki asioujua ushikwe wapi. Lakini balozi habadilishi maneno.

"Amesema kelele hizi ndizo mama alizokuwa anakuchapia mwiko."

Wazee wa baraza wakaangalia miguu yao wenyewe.

"Mwiko," alisema Mtemi polepole.

"Ndivyo alivyosema."

"Ngassa muongo. Ulikuwa upawa." Mdomo ukaanza kumcheza. "Upawa, tena una uji wa moto. Tulikuwa watoto, na Ngassa alikuwa nyuma ya mtungi, maziwa aliyomwibia mama yangu yamemganda mpaka puani. Yeye alichapwa kwanza."

Akacheka. Akacheka mpaka akaegemea nguzo, na humo ndani ya kicheko yakatoka machozi ambayo hayakutoka siku ya mazishi.

"Kwa hiyo nipige au nisipige?" aliuliza Lugendo.

"Vua hayo manyoya, unanibomolea nyumba." Mtemi akapangusa uso. "Shigela, rudi kwake. Mwambie ni upawa. Na ngoma akae nayo, ila panya ni wangu, anirudishie."

"Naenda, Mtemi. Ila siku ukitaka kweli kupigana nao, tuma mtu mwingine."

"Nimtume nani? Bulyanga nzima ni watani wao."

"Ndiyo hivyo," alisema Shigela. "Mtani hatumwi vita."

Na kabla Lugendo hajapata wazo jingine, akatoka, akafunga mlango.