Karani Kaa na Mashahidi wa Digidigi

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni motoni, wa nyuma nao wasikie. Hapo zamani za kale kulikuwa na kisiwa chenye kisima kimoja. Wanyama wa bara walikuwa wakivuka bahari kukimbilia huko, wengine kwa gogo, wengine kwa mgomba. Baraza la kisiwa likahofia kisima kitakauka, likatunga sheria: kila afikaye kwa njia ya bahari aulizwe maswali matatu. Umetoka wapi? Unakimbia nini? Nani shahidi wako? Asiye na shahidi arudishwe bahari ikipwa, maji yakitoka, mgongoni mwa Kasa.

Muulizaji alikuwa Kaa, karani wa ufukweni. Hakuwa mkali. Alipenda tu jambo likamilike.

Siku moja akafika Digidigi, amelowa, ameng'ang'ania mgomba. Kaa akamuuliza. Ametoka msituni. Anamkimbia Chui. Na shahidi?

"Dada zangu wawili," akasema Digidigi.

"Wako wapi?"

"Tumboni mwa Chui."

Kaa akaandika mchangani: mashahidi wawili, makazi yanajulikana. Kisha akamtuma Kasa avuke akawahoji.

Kasa akaenda, akarudi na jibu. Alikuwa ameita kutoka majini, na Chui akamjibu kutoka kichakani kwamba dada hao hawajambo, wametulia, wanamngoja mdogo wao. Kaa akaridhika: kama mashahidi hawajambo, basi hakuna cha kukimbiwa. Akamwambia Digidigi ajiandae, maji yakitoka anarudi.

Digidigi hakulia. Akamuuliza Kasa, uliwaona? Kasa akasema aliambiwa. Akamuuliza tena, uliwaona? Kasa akasema kazi yake ni kushusha, nchi kavu hapandi. Mara ya tatu Digidigi akamgeukia Kaa.

"Bwana Karani, hao wote mliowarudisha, yuko hata mmoja aliyewahi kuleta salamu?"

Kaa akafikiri. Hakumkumbuka hata mmoja. Swali hilo halikuwemo katika yale matatu, nalo likamkereketa. Akamwambia Digidigi angoje, akapanda mwenyewe mgongoni mwa Kasa.

Walipokaribia ng'ambo, kichaka kikatikisika.

"Mmeniletea?" akauliza Chui.

Kaa akasema amekuja kuwaona dada wawili wa Digidigi.

"Wametulia."

Kaa akauliza habari za Ngiri, aliyerudishwa mwezi uliopita.

"Ametulia."

Na Kima na mwanawe?

"Wametulia wote," akasema Chui, akilamba kiganja. "Karani, mbona leo mmekuja mikono mitupu?"

Kasa akageuka bila kuambiwa.

Kisiwani baraza likakutana. Kaa akaeleza alichosikia, neno kwa neno. Kanga, mkuu wa baraza, akauliza: na kisima je?

Kaa akamgeukia Digidigi, akamuuliza anakunywa maji kiasi gani kwa siku.

"Mimi hunywa umande wa majani," akasema Digidigi. "Hakuna aliyeniuliza."

Digidigi akabaki. Lakini Ngiri hakuonekana tena, wala Kima, wala mwanawe.

Ndiyo maana macho ya kaa yamesimama juu kama vijiti. Maji yakitoka, naye hutoka shimoni, hukimbia hatua chache, husimama, hutazama ng'ambo. Kisha hukimbia tena, husimama tena, hutazama.

Hadithi yangu imefika mwisho wake hapo.