Mkoba wa Msomi

Shahada ya sheria ilimpa Nyamizi kazi ya kubeba mkoba. Alikuwa ameapishwa uwakili kama Lwakabare mwenye ofisi, lakini kila alipoomba kesi ya kwake, alitumwa chai.

"Mzee, na mimi nitasimama lini mahakamani?"

Lwakabare alicheka. "Mawakili huitana 'msomi mwenzangu' mbele ya hakimu. Siku nitakayokuita hivyo, chukua kesi uitakayo, hata ile nono ya mgodi."

"Hata ukiteleza ulimi?"

"Ulimi huu umekula chumvi nyingi, binti. Hautelezi."

Jumatatu, katika kesi ya Lwakabare mahakamani, wakili wa upande wa pili aliugua, na Nyamizi, bila kumwambia mzee, akajitolea kumwombea ahirisho. Akavuka, akasimama upande ule.

"Mheshimiwa, tunaomba kesi iahirishwe."

Lwakabare hakuwa na desturi ya kusikiliza kabla ya kupinga. Aliinuka macho yakiwa bado kwenye karatasi zake.

"Napinga, mheshimiwa. Msomi mwenzangu kazi yake kuchelewesha kesi."

"Msomi yupi?" hakimu akauliza.

"Huyu hapa aliyesimama," alisema, ndipo akainua macho.

Walipotoka nje, Lwakabare alikuwa amenuna. "Lete mkoba twende."

"Nimeuacha ndani, msomi mwenzangu, pale ulipokaa. Mimi nawahi faili la mgodi."