Kitabu cha Marehemu Idrisa

Kisa hiki tulikisikia kwanza kwa Bi Salha, aliyekuwa akitusomesha sisi akina mama baada ya sala ya alasiri. Alisema imepokewa kutoka kwa waliotutangulia kwamba palikuwa na mwanamke mchamungu akiitwa Sukaina binti Idrisa, Mwenyezi Mungu amrehemu. Kazi yake ilikuwa kunakili vitabu kwa mkono. Kila alipomaliza kimoja cha kuuza, alinakili kingine kwa ajili ya Mola wake, akakifunga kitambaa na kukiweka kwenye kishubaka kilichochongwa ukutani mwa nyumba ya wageni, karibu na lango la mji. Msafiri yeyote akikipenda, ni chake. Sukaina hakuandika jina lake, wala hakuuliza nani kakichukua.

Siku moja alivifua vitambaa vyote, kisha akavifunga vitabu upya. Asubuhi akabeba kimoja, akakiweka kishubakani, akasema, "Nimekitoa kwa ajili ya Mwenyezi Mungu," akarudi kwake. Adhuhuri alitaka kusoma kitabu cha dua alichoandika marehemu baba yake kwa mkono wake. Alipofungua kitambaa, alikuta nakala mpya. Cha baba ndicho alichokitoa.

Kaka yake Hammadi akacheka. "Dada, umegawa hadi urithi! Kesho si utagawa na mlango, tulale na paka wa mtaa?" Alipoona uso wake, akaacha mzaha. "Nenda kakichukue. Hukukusudia hicho, na Mungu anaijua nia yako."

Sukaina akajitanda ushungi, akaenda mbio. Hakuwa na kitu kingine cha baba yake.

Chini ya kishubaka alimkuta mwanamke wa msafara wa ngamia, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa akisoma kwa kidole, herufi baada ya herufi.

"Karibu, dada," mgeni alisema. "Mimi Juwairia. Usinicheke, nasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Sijapata kuwa na kitabu changu."

Sukaina akaketi. Akautambua mwandiko wa baba yake.

"Aliyekiandika ameomba mwishoni aombewe," Juwairia akaendelea. "Idrisa. Simjui, lakini tangu asubuhi namwombea. Na huko twendako nitamwombea kila nikikifungua. Mbona walia, dada yangu? Umepoteza kitu?"

Neno moja tu lingetosha kumrudishia kitabu chake. Lakini Sukaina alimkumbuka baba yake. Tangu mama yao afariki, ni yeye na Hammadi tu waliokuwa wakimwombea mzee yule.

"Nilikuja kutafuta kitu," alisema, "nami nimekikuta kiko salama." Akaaga.

Hapo Bi Salha akatuambia: sadaka itokayo kwenye ziada uliyonayo ni njema, lakini iko nyingine inayotoka na kipande cha ini. Hiyo haitoki bila machozi, na machozi hayaipunguzii thawabu.

Asubuhi yake, kabla msafara haujaondoka, Sukaina alirudi langoni na mkoba wa ngozi alioushona mwenyewe. Akampa Juwairia atilie kitabu kisije kikalowa njiani.

"Na wewe nikuombee kwa jina gani?" Juwairia aliuliza, ngamia wakiwa wameshaanza kuinuka.

"Niite binti Idrisa," Sukaina alijibu, akamfunga mkoba begani.