Fuko Aonjeshwa Kompyuta

Paukwa!

Pakawa.

Wa mbele nimewasikia. Na kina mama wanaonyonyesha kule nyuma?

Pakawa.

Haya, sogeeni. Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na zahanati yao, palikuwa na Fuko. Bi Fuko alikuwa karani wa chanjo za watoto. Macho yake yalikuwa madogo kama mbegu za mchicha, lakini hakuna mtoto aliyewahi kumpita. Kila mtoto alimwandika kwenye kompyuta: jina la mama, na siku ya kurudi. Asubuhi alisoma orodha, akaita. "Mama Kima, leo. Mama Kanga, kesho, na uje na wote kumi na wawili."

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu. Ukiiwasha inakohoa, krrr, krrr, ndipo iamke. Siku moja ikaamka na maneno haya kiooni: mfumo huu umefika mwisho, tafuta kompyuta mpya.

Mfumo, watoto wangu, ni ile akili inayoiamsha kompyuta na kuiambia cha kufanya. Na ule ulikuwa umefungwa. Hata fundi hakuruhusiwa kuufungua atazame ndani.

Fuko akashika flashi aliyoivaa shingoni. Orodha yote ya watoto ilikuwa humo. Lakini angeisomea wapi? Na ng'ambo ya mto surua ilikuwa imeingia.

Kwera, yule ndege mfumaji, akasikia. Akaja, twi, twi.

"Usiitupe, Bi Fuko. Sisi wafumaji tuna mifumo huria."

"Huria ndiyo nini, mwanangu?"

"Imeachwa wazi. Kila mtu anaona ilivyofumwa. Nikikuta uzi umelegea naukaza, na wenzangu wote wanaupata umekazwa. Tena ipo mingi, na kila mmoja una sura yake. Mtachagua."

Wakachagua, lakini si Fuko. Ilikaa kamati ya zahanati. Mama Tausi alitaka sura yenye maua, na madirisha yanayofunguka kama mkia wake. Ngedere alitaka vitufe vingi vya kubonyeza. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Fuko akainua mkono. "Mimi nilikuwa naomba..."

"Subiri kidogo, Bi Fuko," akasema Mama Tausi. "Tunakutafutia kizuri."

Maua yakashinda. Kwera akaweka mfumo, kioo kikawaka bluu na dhahabu. Wote wakapiga makofi.

"Unaona, Bi Fuko?"

Fuko aliona mwanga tu. Herufi zilikuwa kama sisimizi majini. Lakini wenzake walikuwa wamefurahi, naye hakutaka kuwaharibia. "Naona," akasema.

Jumatatu akasoma pua ikigusa kioo. Kompyuta ikabeba yale maua kwa shida, krrr, krrr, krrr. Jumanne vilevile. Ijumaa Mama Paa akaingia, mtoto mgongoni.

"Bi Fuko, mbona hujaniita? Siku ya mwanangu ilikuwa Jumatatu."

Fuko akatafuta. Jina lilikuwepo, chini kabisa, rangi yake imezama kwenye maua. Siku nne, na surua ile pale ng'ambo.

Mtoto akachomwa sindano papo hapo. Akalia, akanyonya, akanyamaza. Hakuwa ameugua. Mama Paa angeweza kugomba, na nani angemlaumu? Hakugomba. Alivuta kigoda akakaa karibu na Fuko.

"Macho yanakusumbua?"

"Sioni kitu, mwanangu," akasema Fuko. "Nilisema naona kwa kuwaonea haya."

Mama Paa akamwita Kwera. Kwera aliposikia, akainamisha kichwa.

"Kosa ni langu. Mifumo yetu huonjwa kwanza. Unachomeka flashi yenye mfumo, kompyuta inaamka nao, unautumia. Usipoupenda unachomoa, na hakuna kilichobadilika."

"Kama mchuzi," akasema Mama Paa. "Unadondoshea kiganjani, unaonja chumvi."

"Ndivyo. Nami nilimpakulia bila kumwonjesha."

Basi wakaonja. Wa kwanza, Fuko akatikisa kichwa. Wa pili, akasita. "Huu si mbaya..."

"Bi Fuko," akasema Mama Paa, "usituonee haya."

"Basi sioni."

Wa tatu ulikuwa mweupe mtupu, hauna ua hata moja. Kompyuta ikaamka bila kukohoa. Kwera akafungua mfumo ndani, akavuta uzi huu, akakaza ule, herufi zikakua. "Zinatosha?"

"Ongeza."

Zikawa kama maharage. Fuko akanyoosha mgongo, akakaa mbali na kioo, akasoma kwa sauti.

Mama Tausi akapita mlangoni. "Hii sura mbona kama sahani tupu?"

"Mama Tausi," akasoma Fuko. "Vifaranga wanne. Leo."

Mama Tausi akakunja mkia. "Nilikuwa nimesahau," akasema polepole, akaenda kuwaleta wanawe.

Na zile herufi, Kwera hakuzificha. Alizipeleka kwa wafumaji wenzake. Katika msitu wa mbali sana, karani mmoja mzee, Kifaru, aliwasha kompyuta yake akakuta humo kitu kipya, kimeandikwa: Herufi za Fuko. Hakumjua Fuko ni nani. Akakibonyeza. Akasogeza kiti nyuma, akaanza kuita watoto.

Ndiyo maana nawaambia, wakubwa na wadogo: ukimchagulia mwenzio kitu cha kazi yake, mwonjeshe yeye kwanza, kisha kaa karibu naye mpaka aweze kukwambia kweli.

Hadithi yangu imeishia hapo, kiganjani mwenu. Ionjeni.